Breki ya Kidole Gumba

Jumamosi, 5 Julai

Nimepiga tupa tangu saa moja asubuhi. Mabano ya kiti cha zamani yameondoka yote. Fremu sasa imekatika fupi kwa nyuma kama mkia wa mbuzi, na ndivyo nilivyotaka.

Juma la tatu hili. Pikipiki ni ya Kijapani, cc mia mbili. Niliitoa kwa mzee mmoja wa Lubaga, kuku walikuwa wanalala juu ya tangi. Injini nzima. Vingine vyote vilihitaji huruma. Naigeuza skrambla: usukani mpana, tairi za meno, ekzosi ya juu, kiti kifupi kilicho bapa. Kitu cha kwenda lami na vumbi bila kuchagua.

Nautaja mguu mara moja niumalize. Wa kulia, chini ya goti. Wa bandia, mwaka wa tatu sasa. Nilikuwa naendesha mwenyewe, lori likakata kona mbele yangu bila ishara. Basi.

Kabla ya hapo nilikaa miaka kumi na moja juu ya pikipiki za polisi, nikienda kutengeneza redio za vituo, kutoka hapa hadi Kitgum, kule kaskazini. Tangu ajali nabebwa. Nyuma ya boda, mikono magotini, kama mzigo wa matoke. Mimi. Nimechoka kubebwa.

Nitaendesha tena. Sina shaka hata chembe.

Mke wangu Aisha anaamini pikipiki hii ni ya mteja wa Muyenga. Nilimwambia hivyo siku ilipoingia uani. Uongo mdogo. Utajifia wenyewe kazi ikiisha.

Jumatano, 9 Julai

Nimeomba ruhusa ya nusu siku kazini. Naunga kengele za wezi na redio za walinzi siku hizi, kazi ya kukaa. Nikashuka Nakivubo kwenye maduka ya spea. Jua, honi, mikokoteni. Nilikuwa na furaha kama mtoto wa siku ya Krismasi.

Usukani nimepata wa tatu niliojaribu. Wa kwanza ulikuwa umepinda, muuzaji akaapa kwamba macho yangu ndiyo yamepinda. Tairi za meno nimepata zote mbili, mpya. Yule mama wa tairi ni Mkenya, wa Kitale, kwao na mama yangu. Aliponisikia nikiongea aliniuliza nimesomea wapi Kiswahili. Kambini, nikamwambia. Baba yangu mwanajeshi Mwacholi, mama yangu mwalimu, na ole wako ukikosea ngeli mezani. Akacheka, akafunga tairi kwa kamba mwenyewe.

Lakini kilichonipeleka hasa kilikuwa stendi ya mabasi. Binamu yangu wa Nairobi alinitumia kwa basi kile kifaa nilichokuwa nikikisubiri. Kipo hapa mezani sasa hivi, kidogo, cheusi, kinakaa kiganjani.

Niandike kinafanya nini. Kwenye pikipiki yoyote, breki ya nyuma inakanyagwa kwa mguu wa kulia. Mguu wangu wa kulia haujui kama umekanyaga kidogo au sana. Kwa hiyo naihamisha breki. Kifaa hiki kinafungwa kwenye usukani, mkono wa kushoto, chini ya klachi, na kinasukumwa kwa kidole gumba. Mpira mrefu wa mafuta unatoka hapo hadi gurudumu la nyuma. Mguu wa kulia haufanyi kazi tena. Unapanda tu kama abiria.

Kidole gumba changu kina nguvu. Nimekijaribu kwenye mlango, kwenye kikombe, kwenye kila kitu.

Jumamosi, 12 Julai

Ssalongo amekuja na mashine yake ya kuchomelea. Ana karakana yake barabara ya Kisaasi, ni baba wa mapacha, na hajawahi kuniuliza swali la huruma. Ndiyo maana ninampenda.

Aliizunguka fremu mara mbili.

"Bosi, hii bleki ya nyuma natoa kabisa?"

"Toa pedali. Breki inahamia hapa." Nikamwonyesha kidole.

Akatazama kidole. Akatazama mguu. "Kale," akasema, yaani sawa, akashusha kioo chake usoni.

Alichomelea mabano mapya ya kiti, kitanzi cha nyuma, na mkono wa kushikia ekzosi. Mshono wake ni safi, unalala kama sarafu zilizopangana. Aisha alikuwa zamu hospitalini. Tulipiga kelele tulivyotaka.

Sehemu ya kuwekea miguu nimeacha vile vikanyagio vya zamani vya mpira. Vinatosha.

Jumatatu, 14 Julai

Injini imewaka. Mara ya nne kupiga kiki, ikakohoa, ikakubali. Nilikaa juu yake dakika ishirini uani, gia huru, nikiisikiliza. Kabureta safi. Sauti nzito ya chini, siyo kelele.

Kisha nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikafikiri ni waya. Nikatafuta kote. Kilikuwa kiatu changu. Ekzosi ya juu inapita upande wa kulia na kiatu kilikuwa kimeiegemea muda wote huo, soli imelainika kama ubani wa kutafuna. Mguu wenyewe haukusema kitu.

Nimecheka peke yangu. Kesho nitaizungushia ekzosi kitambaa cha kuzuia joto na kuifunga bati.

Alhamisi, 17 Julai

Breki haishiki. Kidole kinasukuma, kinazama mpaka mwisho, gurudumu linazunguka tu. Hewa imo ndani ya mpira. Mpira ni mrefu mno na hewa inapanda kila mara kurudi kileleni. Nimeitoa hewa kwa njia ya kawaida mara sita. Mikono inanuka mafuta ya breki, chakula kinanuka mafuta ya breki.

Dawa ninaijua. Unaanzia chini. Unasukuma mafuta kwa bomba la sindano kutoka gurudumuni kwenda juu, hewa inatangulia yenyewe kutoka. Nahitaji bomba kubwa. Aisha ni muuguzi wa majeruhi, anayo mapya kwenye sanduku lake.

Nimemwomba moja. Akauliza la nini. Nikasema la mafuta ya breki. Akanipa.

Ijumaa, 18 Julai

Amejua.

Nilikuwa nimepiga goti kwenye gurudumu la nyuma, nasukuma mafuta polepole. Alirudi mapema, akaja uani na sare yake bado mwilini, kikombe cha chai mkononi, anataka kuona bomba lake linafanya nini. Hajawahi kuja kuitazama hii pikipiki kwa karibu. Leo alisimama. Alitazama usukani. Akasukuma kile kifaa kwa kidole chake mwenyewe. Akainama upande wa kulia, akatafuta pedali, hakuiona.

"Mteja wako naye hana mguu wa kulia?"

Nilikuwa na bomba mkononi na mafuta yakinidondokea kwenye kiganja.

Akaweka kikombe chini, kwenye sementi, taratibu. Akaingia ndani.

Breki sasa inashika. Ngumu kama jiwe. Niliimaliza kazi hiyo, kwa nini nisiimalize. Lakini sijafurahi.

Jumamosi, 19 Julai

Amekwenda Bombo kwa mama yake. Amebeba mfuko mmoja. Hakupiga kelele, hakutupa kitu. Alisema ana siku sita za mapumziko na anataka kulala mahali ambapo hakuna mtu wa kumdanganya. Sauda, binti yetu, yuko shule ya bweni, afadhali hakuona.

Nina hasira. Naiandika kama ilivyo. Mimi ni mtu mzima. Mguu ni wangu. Nani amesema niombe kibali nyumbani mwangu kama kuruta?

Nimefunga kiti. Ngozi ya kahawia, mshono wa mraba. Pikipiki imekamilika, imebaki namba tu. Ni nzuri kuliko nilivyoichora. Hakuna wa kumwonyesha.

Jumapili, 20 Julai

Nimeiendesha. Nimeanguka.

Sikwenda Misa. Nilitoka saa mbili asubuhi na kuisukuma mpaka ile njia ya murramu, ya udongo mwekundu na tuta juu ya mtaro, nyuma ya kiwanja cha shule, hakuna watu Jumapili. Kofia ngumu, jaketi, glavu. Nikapiga kiki. Nikaingiza gia ya kwanza.

Mita mia mbili za kwanza nilikuwa mtu yule yule wa zamani. Mwili unakumbuka kila kitu. Gia ya pili, ya tatu, upepo shingoni. Breki ya kidole ilishika vizuri, mara tatu, nne, laini kabisa. Nililia kidogo ndani ya kofia. Sawa, nililia.

Kisha lile tuta la mtaro. Nikasimama juu ya vikanyagio kama mtu yeyote anavyosimama. Gurudumu likaruka, likatua, na upande wa kulia haukuwepo. Sijui namna nyingine ya kueleza. Nikamwaga uzito pale na hapakuwa na kitu. Nilianguka kulia, polepole, pikipiki juu yangu.

Usukani umepinda kidogo. Klachi nzima. Mimi nimechubuka kiwiko, na gutu la mguu limekatwa na ukingo wa bakuli la mguu wa bandia. Kidonda chenye upana wa vidole viwili. Niliketi kwenye vumbi muda mrefu kabla ya kuinuka.

Mwendesha boda mmoja alisimama akanisaidia kuinua. Akauliza, "Ssebo, bwana, hii nani alikutengenezea?" Nikasema mimi. Akasema ni kali. Akaondoka.

Jumanne, 22 Julai

Siwezi kuvaa mguu. Natembea kwa magongo ndani ya nyumba. Nilipiga simu kazini nikasema homa.

Homa. Uongo wa pili katika mwezi mmoja, na huu nimeusema bila hata kufikiri. Nilikaa kitandani nikiutazama uongo huo. Naona unavyokuwa mwepesi.

Nimepiga tena. Nimewaambia nilianguka na pikipiki. Msimamizi akacheka, akasema nipone.

Jumatano, 23 Julai

Nimekwenda Bombo. Kwa basi, na magongo, suruali imepinduliwa na kufungwa pini. Nilitaka anione hivyo, bila mguu, bila mapambo.

Mama mkwe, Hajati, alinipokea mlangoni kana kwamba alikuwa ananitarajia. "Karibu, Baba Sauda." Akanipa kahawa yenye tangawizi, akachukua kibao chake cha kukalia na kuhamia jikoni. Mwanamke mwenye akili.

Aisha aliketi mkekani mbele yangu. Nilianza mimi. Sikuomba radhi kwa pikipiki. Niliomba radhi kwa uongo. Nilimwambia wazi kwamba hayo ni mambo mawili na kwamba nimeyatenganisha makusudi. Kisha nikamwambia nimeanguka.

Niliweza kusikia Hajati akisugua sufuria.

"Ile siku walipokuleta," Aisha akasema, "nilikuwa zamu. Wewe unajua hilo. Lakini sijakuambia hili. Nilikata suruali kabla ya kutazama uso. Ndiyo kazi, unaanza na damu. Nikafika chini, nikaona soksi. Ile ya kijani niliyotia kiraka. Nilikujua kwa soksi."

Miaka mitatu. Hakuwahi kuniambia.

"Pikipiki siogopi," akasema. "Zinaletwa kila siku, na watu wake. Naogopa kuishi na mtu ambaye lazima nimpekue."

Nikasema sitampa tena sababu ya kunipekua. Sikuapa. Yeye hapendi viapo vyangu, anasema Wakatoliki tunaapa haraka kwa sababu tuna pa kwenda kuungama.

Kisha akauliza, kwa ile sauti yake ya wodini, "Ulianguka upande gani?"

"Kulia."

"Mguu uliteleza kabla au baada?"

"Sijui. Sikuuhisi."

"Basi," akasema. "Ulijenga breki kwa sababu mguu hauhisi. Mahali pa kuuweka huo mguu hukujenga. Ulidhani utauhisi ukitoka?"

Hilo sikuliwaza. Mimi, fundi.

Ijumaa, 25 Julai

Amerudi. Kwanza kidonda. Alikisafisha bila upole wowote na kusema siku kumi bila mguu. Nikasema tano. Akasema kumi. Ni kumi.

Baada ya chai alikwenda uani peke yake. Nilimwona kupitia dirisha amechuchumaa kando ya pikipiki, ameshika kikanyagio cha kulia, anakitikisa. Alikaa pale kama robo saa. Kisha akaja na kuniomba kalamu na karatasi.

Hakusema ameikubali. Simuulizi.

Jumamosi, 2 Agosti

Ssalongo amekuja tena. Kazi imekuwa ya watu watatu.

Mchoro ni wa Aisha. Kikanyagio kipya kipana mara mbili, cha chuma chenye meno, nimekinunua Nakivubo jozi nzima. Nyuma yake kizuizi cha kisigino, kama nusu ya kikombe. Upande wa nje ukingo mdogo usiozidi unene wa kidole. Juu wazi kabisa. Hilo alilisisitiza mpaka Ssalongo akakereka: mguu usitoke kwa pembeni, usitoke kwa nyuma, lakini pikipiki ikilala uweze kunyanyuka na kuachia. "Nimeona watu waliofungwa kwenye pikipiki," akasema.

Ssalongo alitaka kuongeza ukanda wa kufunga. "Nnyabo, mama, na kamba kidogo tu, mguu nakaa imala."

"Hakuna kamba."

"Kale, daktali."

"Mimi muuguzi."

"Leo wewe daktali."

Alichomelea, akapiga grinda kingo zote zikawa mviringo. Aisha alipitisha kidole chake kote kutafuta mahali pa kukata ngozi. Alipata pawili. Ssalongo akapapiga tena bila kunung'unika.

Nimejifunza kitu leo na sitakiandika kwa uzuri. Nilijua kutengeneza. Sikujua kujitazama kama mtu aliyekatwa mguu. Nilikuwa natengenezea yule wa zamani.

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya kumi. Kidonda kimefunga. Nimevaa mguu asubuhi hii, soksi mbili nene ndani ya bakuli. Umekaa.

Jumamosi, 9 Agosti

Njia ya murramu, nyuma ya shule. Saa moja asubuhi, ukungu bado. Aisha alikuja na kopo la chokaa na kibegi cha huduma ya kwanza. Alichora mstari barabarani. Akatembea hatua thelathini, akachora wa pili.

"Kutoka kule, gia ya tatu. Ukifika hapa ufunge breki. Ukivuka huu wa pili tunarudi nyumbani."

Mara ngapi, nikauliza.

"Mpaka nichoke."

Mara ya kwanza nilisimama hatua sita kabla ya mstari wa pili. Ya pili, nane. Breki ya mbele vidole viwili, ya nyuma kidole gumba, mwili wima. Mara ya saba gurudumu la nyuma liliteleza, nikaachia, nikashika tena, likanyooka. Moyo ulikuwa umepanda lakini mikono ilijua. Mara ya tisa nilivuka mstari kwa nusu gurudumu. Nikamtazama. Akanitazama. Akaufuta ule mstari kwa kiatu na kuuchora upya palepale.

Kisha lile tuta la mtaro. Nilimwambia nitalipita. Akasema ndiyo, alikuwa anasubiri niseme. Nilisimama juu ya vikanyagio. Gurudumu likaruka, likatua. Kisigino kiligonga kwenye kile kikombe, nilisikia chuma, tak, hadi kwenye nyonga. Nilikuwa bado juu. Nililirudia mara nne. Tak. Tak. Tak. Tak.

Sijui ilikuwa mara ya ngapi alipoinua mkono. Vumbi lilikuwa limemjaa kwenye kope. Akasema ana njaa. Nilizima injini, tukaisukuma pamoja hadi barabarani, yeye nyuma.

Alhamisi, 14 Agosti

Kibali cha kuendesha. Daktari alikwisha kunipima, karatasi zote zipo. Leo ilikuwa zamu ya mtahini kiwanjani. Mtu mpole mwenye miwani. Alitafuta pedali ya breki kwa muda, nikamwacha atafute. Nikamwonyesha kidole. Akaniambia nizunguke pipa, nipite ubao, nisimame kwa ghafla. Nikasimama mbele ya viatu vyake.

Akainama, akatazama kikanyagio cha kulia, kile kikombe na ule ukingo. "Hii ulichora wewe?"

"Mke wangu."

Akaandika.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekwenda Misa Lubaga kwa pikipiki yangu. Nilipanda kilima kwa gia ya pili, taratibu, watu wanatembea kando na vitabu vyao vya nyimbo. Niliegesha kwenye kivuli cha ukuta. Padri alihubiri juu ya nini, sikumbuki.

Kurudi nilipitia njia ndefu bila sababu. Nakivubo ilikuwa nusu tupu, vibanda vimeshushwa maturubai. Kisha Ntinda, foleni ya kila siku, mimi kati ya magari, mguu mmoja chini kwenye taa nyekundu. Wa kushoto.

Nilifika saa saba. Aisha alikuwa amepika kisamvu na samaki. Nilivua mguu, nikauegemeza kwenye kiti, nikanawa. Tulikula. Akawa anatoa miiba. Kisha akauliza kama mguu uliteleza.

Ningeweza kusema hapana. Ilikuwa kwenye mteremko, kwenye lami iliyopasuka, kisigino kilipanda kidogo juu ya kile kikombe na kurudi mahali pake chenyewe. Hakuna aliyeona.

Nikasema mara moja, na wapi.

Akafikiri. Akasema labda ukuta wa nyuma wa kile kikombe uongezwe sentimita moja. Akanisogezea samaki.